Swali la Sita

9 Juni

Nguo nilizoanika Ijumaa juu ya paa bado zinanata. Ndiyo Lima ya majira haya: mvua ya kweli hainyeshi, lakini manyunyu hayakomi, na jua hatutaliona mpaka Septemba. Naanza daftari hili kwa sababu sina mtu wa kumlalamikia.

Leo Wilfredo, mhariri wa jarida, alinisikiliza dakika nne. Nilimweleza habari ya Albanieve, kiwanda kinachofua mashuka ya hoteli na zahanati. Mwezi jana, nikiwa kwenye foleni ya zahanati ya mtaani, niliwaona wanawake watatu wa kiwanda hicho wameficha mikono ndani ya sweta. Mmoja alipoitoa kusaini fomu, ngozi ilikuwa imechubuka kama ya kiazi cha kuchemsha.

"Habari nzuri, Palomino," akasema. "Nani anasema?"

"Watu."

"Watu ni nani? Nipe mtu mmoja mwenye jina. Mmoja tu. Na jibu la kiwanda."

Amenipa mpaka mwisho wa Septemba. Halafu akaongeza, kwa upole uliouma kuliko ukali, kwamba hii ni mara ya mwisho kunishikia nafasi. Habari zangu mbili zilizopita zilimfia mkononi kwa kukosa mtu mwenye jina. Nikishindwa na hii, narudi Huancayo kwa dada yangu kuuza vifungo na uzi. Miaka kumi na tatu ya kuandika, hii ya karibuni bila mwajiri, mwisho vifungo.

11 Juni

Nimeweka tangazo kwenye kundi la simu la waandishi, kule ambako kila mtu anatafuta mtu: "Natafuta wafanyakazi wa viwanda vya kufulia walioumizwa na dawa za kung'arisha. Majina yatafichwa. Haraka." Sisi daima tunaandika neno "haraka", hata kama tuna miezi mitatu.

Kufikia adhuhuri walishanitafuta maafisa uhusiano kumi na tisa. Mmoja ana daktari anayeng'arisha meno. Mwingine ana mafuta ya mikono yaliyotengenezwa kwa parachichi. Wa tatu ana bwana anayeosha mbwa wa watu maarufu na yuko tayari kwa picha. Mfuaji hakuna. Anayefua mashuka atatoka wapi kwenye kundi la waandishi? Nimejisikia mjinga.

12 Juni

Afisa wa yule daktari wa meno amepiga tena.

17 Juni

Nimejua anayeisemea Albanieve. Ni Fiorella Bracamonte! Tulikaa dawati moja gazetini, tukigombania mkasi na kiti kisichoyumba. Miaka saba iliyopita akaenda kwenye uhusiano wa umma. Wanaokwenda huko tunasema "wamevuka", kama vile wamekufa. Nilimpigia.

"Zoraida! Shoga, bado upo hai?"

"Kidogo."

"Umenitafuta kwa mapenzi au kwa kazi?"

"Kazi."

"Nilijua. Mapenzi hayana sauti hiyo. Ni nini, Albanieve?" Akacheka. "Niandikie maswali. Lakini nakuomba, usiniletee maswali ya jumla. Ukiniuliza kwa jumla, nitakujibu kwa jumla, unaijua kazi yangu. Nionyeshe kwamba unajua kitu, ndipo nitawabana wanipe cha maana."

Nilikata simu nikiwa na chuki na wivu kwa pamoja. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshiba, na ofisi yake, nilisikia, ina kifaa cha kukausha hewa.

24 Juni

Siku ya nne nasimama mbele ya lango la Albanieve, kwenye mkokoteni wa Abundio, mzee anayeuza emoliente, kinywaji cha moto cha mitishamba. Zamu ya asubuhi ikitoka saa nane, wanawake hupita hapo kunywa glasi moja ya moto kabla ya basi. Nami nakunywa. Nimekunywa shayiri na mbegu za kitani mpaka tumbo linateleza. Hakuna anayezungumza nami.

2 Julai

Leo mmoja amezungumza, lakini kunisimanga. Ni mama mnene wa miaka kama hamsini na minane, sauti yake inasikika mpaka kituo cha basi. Wenzake wanamwita Jacinta.

"Abundio, huyu mteja wako ni mpelelezi au ana minyoo?"

"Muulize mwenyewe."

"Mwanangu, unatafuta nini hapa kila siku? Mume? Huku hawatoki waume, zinatoka shuka."

Wote wakacheka. Nikasema mimi ni mwandishi. Kicheko kikakatika kama redio iliyochomolewa. Jacinta akamaliza glasi yake, akaifuta kwa kitambaa, akasema, "Basi andika kwamba emoliente ya Abundio haina ndimu." Akaondoka na wenzake. Nimemwachia Abundio namba yangu na anwani kwenye karatasi, lakini sina matumaini makubwa.

10 Julai

Mmoja amenipigia! Anaitwa Hermelinda. Tulikutana mbali na kiwanda, kwenye kibanda cha supu ya kuku huko Breña, akakaa akiupa mlango mgongo. Ana umri wangu. Hakuweza kushika kijiko kwa vidole, alikibana kwa kiganja. Nilijikaza nisitazame, nikatazama.

Masharti yake: jina lisitajwe, kwa mtu yeyote. "Hata Jacinta asijue, dada. Hasa Jacinta. Yeye ndiye mama wa ubatizo wa binti yangu, na hajui kunong'ona."

Nikaapa. Akanieleza yote: glavu zinazotoboka baada ya siku mbili na kubadilishwa baada ya mwezi, dawa inayomiminwa kwa ndoo, msimamizi anayesema ni mzio wa sabuni ya nyumbani. Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Sisi wa zamu ya asubuhi kwenye mashine za mwisho, tuko wanne, dawa ile tunaiita Mama Mkwe. Mimi ndiye niliyeibatiza."

"Kwa nini Mama Mkwe?"

"Akishaingia nyumbani, kuna kitu asichokigusa? Na unaruhusiwa kulalamika?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa na supu. Neno hilo nimelipigia mistari miwili chini. Mwandishi anaweza kukaa mwaka mzima bila kupewa neno kama hilo. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani kwenye manyunyu, nikilisema peke yangu.

14 Julai

Wilfredo: "Vizuri. Jina lake?" Nikasema hapana. "Basi mtafute mwingine mwenye jina."

28 Julai

Sikukuu ya uhuru. Bendera zimelowa kwenye kila paa, zinaning'inia kama nguo zangu. Nimewapigia watu tisa: muuguzi, mfanyakazi wa zamani, dereva wa mashuka, mtu wa chama cha wafanyakazi ambacho, imebainika, ni yeye na shemeji yake. Wote wanasema ni kweli. Wote wanasema, lakini usiniandike.

1 Agosti

Ukungu umeota kwenye viatu vyangu vya ngozi. Nimeusugua kwa siki.

8 Agosti

Nimemtumia Fiorella maswali. Tangu Juni nimemwandikia mara tano kuomba tu nikutane na meneja, na mara tano nimejibiwa "Tumepokea ujumbe wako." Basi leo nimefanya alivyoshauri. Maswali sita. Matano ya kwanza ni ya glavu, ndoo, vipimo. La sita nililifikiria asubuhi nzima, kwa sababu nilitaka waelewe kwamba nimeshafika ndani, kwamba siwezi kupigwa chenga: "Je, ni kweli kwamba wafanyakazi wenu wanaiita dawa hiyo Mama Mkwe, kwa jinsi inavyounguza mikono?"

Sikutaja zamu. Sikutaja mashine. Nimelisoma mara tatu, ni swali zuri. Nimelala mchana kidogo, jambo ambalo sijalifanya tangu Mei.

13 Agosti

Jibu limefika. Aya moja. "Albanieve inathamini afya ya familia yake ya wafanyakazi." Swali la sita hawakuligusa.

15 Agosti

Saa nane wanawake wametoka, lakini Jacinta, Hermelinda na wenzao wawili wa mashine za mwisho hawamo. Abundio hakunitazama usoni. "Wameitwa ofisini tangu saa nne," akasema, akanipa glasi bila mimi kuagiza.

16 Agosti

Hermelinda amepiga. Naandika kama alivyosema, nisije kesho nikaipamba.

"Dada, ulimwambia nani?"

"Sikumtaja mtu. Naapa."

"Msimamizi amekuja na karatasi. Akatusomea. Akauliza, nani hapa anaiita dawa Mama Mkwe? Dada, jina hilo halijatoka nje ya mashine zetu. Ni sisi wanne tu. Nilikuambia ni sisi wanne!"

Aliniambia. Naliona hapa, tarehe kumi Julai, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nililiandika nikapita, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye neno.

"Ikawaje?"

"Wamemfukuza Jacinta. Msimamizi alishawahi kumsikia anapiga kelele kwenye mashine, Mama Mkwe kanishika leo, Mama Mkwe kanikosa. Sauti yake unaijua. Miaka ishirini na mbili, wamempa mfuko wa plastiki atie vitu vyake."

"Na wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu. Nilitazama sakafu, dada. Yeye alinitazama mimi na mimi nikatazama sakafu." Akalia. Nilimsikia akijitahidi kulia bila sauti, nadhani binti yake alikuwa chumba cha pili. "Usinipigie tena," akasema. "Futa namba yangu."

Nimeifuta. Halafu nikakaa kwenye ngazi za paa chini ya nguo zangu mbichi. Miezi miwili nimejipa sifa ya kulinda watu. Nilificha jina la mwanamke yule kama yai, kisha nikachukua neno lake na kuwapelekea wale wale niliowaficha jina. Na kwa nini? Kwa sababu lilikuwa tamu. Kwa sababu nilitaka Fiorella aseme, ah, Zoraida bado anaweza. Nimemfukuzisha kazi mama wa watu kwa kujionyesha.

17 Agosti

Nimempigia Fiorella nikiwa nimepania kumtukana.

"Uliwapelekea swali la sita."

"Ndiyo kazi yangu. Ningejibu vipi bila kuwauliza?"

"Umemfukuzisha mtu!"

"Mimi?" Sauti yake haikupanda. "Zoraida, tulipokaa dawati moja, nani alinifundisha kwamba msemaji hasomewi kitu ambacho mtu mmoja tu angeweza kukuambia?"

Nilianza kufuta ukungu kwenye kioo cha dirisha.

"Nani?"

"Mimi."

"Basi." Akavuta pumzi. "Nilipolisoma nilishtuka, shoga. Nilishika simu nikuulize kama una hakika. Halafu bosi akaingia, nikaiweka chini. Hiyo nayo ni yangu, nitalala nayo. Lakini la kwako usinibebeshe."

Nilidhani nitamchukia mpaka Krismasi. Ilikuwa rahisi zaidi kumchukia kabla hajasema la simu.

23 Agosti

Manyunyu.

24 Agosti

Manyunyu. Nimeshindwa kwenda kwa Abundio.

30 Agosti

Sikukuu ya Mtakatifu Rosa. Nimepanga foleni kwa muda wa saa tatu pamoja na nusu ya Lima ili kutumbukiza barua yangu ya maombi kwenye kisima chake. Mwanamke mbele yangu alikuwa na kumi na moja, za ukoo mzima. Nilipofika kwenye kalamu nikakwama. Niliandika: "Wasaidie wote wanne." Majina sikuyaandika. Siku hizi namwogopa hata mtakatifu, huenda naye ana afisa uhusiano.

6 Septemba

Jacinta amekuja kwangu.

Alipata namba na anwani kwa Abundio, akapiga akiwa tayari chini ya jengo. Alipanda ghorofa nne na mfuko wa mikate, akakaa kwenye kiti changu pekee, akatazama chumba.

"Ndipo hapa unapotuandikia? Pananuka ukungu."

"Ndiyo, mama."

Akavua glavu za sufi na kuiweka mikono yake mezani, viganja juu. Sitaieleza. Kisha akatoa bahasha: karatasi za zahanati za miaka minne, kila moja na muhuri na tarehe, na kila moja imeandikwa kwamba ni kuungua kwa kemikali.

"Jina langu ni Jacinta Ccorahua Tello. Andika na Tello, mama yangu alinizaa kwa taabu. Unaweza kupiga picha. Nitasema kila kitu, mbele ya yeyote."

Miezi mitatu! Mtu mwenye jina, mwenye karatasi, mwenye muhuri, amekaa kwenye kiti changu na mikate. Na nimempata kwa kumharibia. Nilisema lazima nimwambie kitu kwanza. Nilimwambia kwamba swali lile nililiandika mimi, kwamba yeye hana kosa, kwamba aliyemponza ni mimi.

"Hilo najua. Walinisomea, na jina lako chini." Akamega mkate. "Mimi nataka kujua kingine. Aliyekupa neno ni nani?"

"Siwezi, mama."

"Sisemi uandike. Niambie mimi hapa, kisha tuanze."

"Siwezi."

"Nimepoteza kazi ya miaka ishirini na mbili kwa ajili yake na huwezi?"

"Siwezi."

"Ni Hermelinda? Usiseme. Tikisa kichwa tu."

Nilikaza shingo. Nilitazama birika. Sijawahi kulitazama birika kiasi kile, nalijua sasa kila tundu la kutu. Niliogopa kusema "siyo" kwa sababu ningemponza mwingine kati ya wale wawili, na niliogopa hata kupepesa macho.

"Basi huna habari," akasema Jacinta. "Hakuna jina lake, hakuna langu."

Akarudisha karatasi ndani ya bahasha, moja moja, bila haraka, akinipa nafasi. Nilimwomba msamaha mlangoni. Nilisikia viatu vyake mpaka ghorofa ya chini. Mikate aliiacha, nami nimekaa nayo hapa, siwezi kuila.

7 Septemba

Nimeshika simu mara sita nimwambie Jacinta. Huyu ndiye anayestahili kujua kuliko wote, sivyo? Na Hermelinda alinyamaza akimtazama anafukuzwa. Naweza kujitetea vizuri sana, hoja zote ninazo. Kila nikifika kwenye namba ya mwisho naona kile kijiko kimebanwa kwa kiganja.

8 Septemba

Sikupiga.

15 Septemba

Dada yangu ameuliza kama nitafika kabla ya soko la Oktoba, kuna meza ya pili anataka kuifungua.

22 Septemba

Nimemwambia Wilfredo sina mtu. Nilitarajia karipio. Akasema tu, "Basi, Palomino," akaniuliza kama dada yangu hajambo. Hajawahi kuniuliza habari za dada yangu. Nimeanza kufunga vitabu kwenye maboksi, vyote vimepinda kwa unyevu.

25 Septemba

Ujumbe wa sauti, asubuhi, sauti ya kusikika mpaka kituo cha basi: "Mwandishi. Njoo kwangu Comas kesho saa tatu. Njoo na kalamu, na mara hii mikate ununue wewe."

26 Septemba

Nyumba yake iko juu kilimani, ngazi za manjano zisizokwisha. Alinifungulia akiwa amevaa aproni, akanipa kiti na chai, na kabla sijakaa sawasawa akasema:

"Nilikuwepo siku Hermelinda alipoibatiza ile dawa. Nilikuwa nakunywa soda, ikanitokea puani kwa kucheka."

Sikusema kitu. Hata hapo sikusema kitu.

"Endelea kunyamaza, unanyamaza vizuri." Akacheka kidogo. "Msimamizi alipouliza, nilimtazama Hermelinda. Alikuwa ameparara midomo. Ana binti shuleni, binti yangu wa ubatizo. Wanangu mimi wameshaoa wote, wananitembelea wakiishiwa. Nikafunga mdomo, wakanichukua mimi."

"Sasa kwa nini ulikuja kuniuliza, mama?"

"Kuona kama kinywa chako kina mlango. Mimi nikikupa jina langu, nyuma yangu wapo watatu waliobaki mle ndani. Nimengoja wiki tatu nisikie kama jina lake litachomoza pengine. Kwa msimamizi, kwa Abundio, kwa yule msemaji wenu. Halikuchomoza." Akaisogeza bahasha kuelekea kwangu. "Na yeye usimwambie kwamba najua. Ataniambia mwenyewe siku akiweza. Jumapili iliyopita alinifulia mapazia yangu yote bila mimi kumwomba."

Niliangua kilio mbele ya chai yake. Aliniacha nilie, akapaka siagi mkate wangu kwa kisu alichokishika kwa mikono miwili. Kisha tukafanya kazi mpaka saa saba. Anasema kwa mpangilio kuliko meneja yeyote niliyewahi kumhoji.

29 Septemba

Wilfredo ameipokea. Amepiga simu kwenye zahanati, amepiga kwa Jacinta, amempelekea Fiorella karatasi zenye mihuri. Fiorella amejibu ndani ya saa moja, jibu la kurasa mbili, lenye tarehe ya glavu mpya. Chini kabisa ameniandikia mimi mstari mmoja: "Safari hii hukuniachia mlango wa kutokea."

30 Septemba

Imekwenda mitamboni. Leo jua limetoka nusu saa, nikakimbia na nguo juu.

Kitu kimoja sikukiandika siku ile ya Comas. Tulipokuwa tunaagana kwenye ngazi za manjano, Jacinta alinishika mkono kwa ule mkono wake, na akashusha sauti. Hermelinda alikosea, anajua kunong'ona.

"Mama Mkwe usimwandike."

"Lakini mama, ndilo neno linalo..."

"Najua ni tamu. Ni letu. Tulikuwa nalo la kuchekea. Umeshalitumia mara moja."

Lilikuwa kwenye sentensi ya kwanza, tangu Julai. Habari nzima nilikuwa nimeijenga kutokea hapo. Nilirudi nyumbani, nikafungua ukurasa, nikalifuta, nikaandika: dawa.